Bendeji kwenye Mguu Mzima

Watu wakikutana nami sokoni Uriri hupenda kunikumbusha siku niliyovunja rekodi. Mimi, mwanangu, siku ninayoikumbuka zaidi ni nyingine. Ni ile niliyofunga bendeji kwenye mguu usiokuwa na kasoro yoyote, nikachechemea mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi, nao wote wakanionea huruma. Nimeishi na siku hiyo muda mrefu. Mwaka huu niliisema kwenye maikrofoni, lakini niliisema kwa ufupi kwa sababu watu walikuwa wamesimama juani. Wewe umeketi, na chai bado ipo, kwa hiyo nikueleze yote.

Enzi hizo Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja. Nikiwa kidato cha tatu, mashindano ya shule zote za wilaya yalifanyika Homa Bay, karibu na ziwa. Nilishinda mita mia moja, kisha siku ya pili nikashinda mia mbili na kuvunja rekodi ya msichana ambaye tayari alikuwa ameolewa na kupata watoto. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Adera, alinibeba mgongoni kama mtoto mchanga ingawa nilikuwa mrefu kumliko. Tuliporudi shuleni jina langu lilisomwa kwenye mkutano wa asubuhi. Sokoni, wanawake wa njugu walinijazia kiganja bila kuniuliza kitu, wakaniita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, kana kwamba Uriri haikuwa na binti mwingine.

Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Kukimbia kwenyewe kulikuwa kutamu tangu utotoni, nilipokuwa nikishindana na kaka zangu kwenda mtoni, lakini huu ulikuwa utamu wa namna nyingine, utamu wa kutajwa. Huo ndio ulionilevya. Zamani nilikuwa nikifika uwanjani nikitafuta kwa macho msichana atakayenikimbiza vizuri. Baada ya ile rekodi nikawa nikifika natafuta atakayeninyang'anya. Mtu wa nje hangeona tofauti, lakini mimi niliijua, kwa sababu kila nilipovaa viatu vya misumari nilikuwa nikiwahesabu wapinzani.

Mwaka uliofuata, mwaka wangu wa mwisho shuleni, mashindano yaliletwa Migori, kwenye uwanja wa nyasi upande wa Suna. Aliyechora njia za kukimbilia alikuwa Mzee Odongo, fundi wa zamani aliyekuwa na kamba ya katani, vigingi vya mti na mkebe wa chokaa aliokuwa ameutoboa chini. Alifanya kazi hiyo siku tatu akiwa ameinama, na ukikanyaga mstari wake kabla haujakauka, alikutazama tu, ukajua umekosa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mchujo wa mita mia mbili. Mimi nilikimbia kundi la kwanza, nikashinda bila kutoka jasho. Nikakaa kwenye nyasi kuangalia wengine. Katika kundi la tatu kulikuwa na msichana mfupi, mabega mapana, miguu mitupu. Jina lake Benta. Shule yake ilikuwa upande wa Mbita na nyumbani kwao kisiwani Rusinga. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akikimbia kwenye mchanga kila alfajiri, kabla wanawake hawajatandaza nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, lakini siku hiyo nilikuwa simjui hata kwa sura.

Alitoka polepole. Akaingia kona akiwa wa tatu au wa nne, kisha akawapita wenzake kama watu waliosimama kuongea. Zilipobaki hatua chache akaacha kukimbia kwa nguvu, akamaliza akiwa amelegeza mikono. Mwalimu aliyeshika saa ya kupimia aliiangalia, akaitikisa karibu na sikio, akaiangalia tena. Kisha akamwita mwenzake aje aione. Nilikuwa karibu, nikasikia. Benta alikuwa amekosa rekodi yangu kwa kiasi kidogo mno, na hakuwa amejaribu.

Asubuhi iliyofuata, siku ya fainali, nilimwendea Mwalimu Adera nikamwambia mguu wangu wa kushoto unauma nyuma ya paja. Aliubonyeza hapa na pale, nami nikakunja uso kila alipobonyeza. Alinifunga bendeji kwa mikono yake mwenyewe, na aliponiambia, "Pole sana, mama, usilie, afya kwanza," nilikuwa kweli nalengwa na machozi, ila si ya maumivu. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimehesabu hivi: nisipokimbia, sishindwi, na huyu wa Rusinga asipopata mtu wa kumsukuma, huenda rekodi ikapona.

Mwanangu, hesabu ile ilitoka sawa kabisa, na ndicho kinachonisikitisha.

Fainali ilipoitwa nilikuwa nimekaa kwenye hema la shule yetu, mguu nimeunyoosha juu ya begi. Benta alisimama kwenye njia yake akigeuka huku na huku. Alikuwa ananitafuta. Aliinama, akainuka tena, akatazama upande wa hema letu, mpaka mwenye bastola ya kuanzishia mbio akamwambia asimame vizuri. Bastola ikalia. Alishinda kwa mbali sana. Hakukuwa na mtu mbele yake wala ubavuni, na kuanzia kwenye kona ungeweza kuona kwamba hana anayemfukuza, kwamba anakimbia peke yake kwenye uwanja mkubwa. Alipofika mwisho kipaza sauti kilitangaza kwamba ameshinda, na kwamba rekodi, ambayo ameikosa kwa unywele, bado ni ya Nyar Uriri. Watu wa upande wetu walishangilia. Nami, Mungu anisamehe, niliinua mkono nikawapungia.

Mchana nilienda kuoga, nikafungua bendeji, nikaifunga tena. Nikarudi kukaa kivulini kando ya uwanja. Hapo ndipo nikamwona Benta anakuja moja kwa moja kwangu, ameshika chupa ndogo ya mafuta ya kuchua. Alikuwa bado na chokaa kwenye vidole vya miguu.

"Nimesikia umeumia," aliniambia. "Haya mafuta ni ya mama yangu. Yanasaidia sana. Leta mguu."

Nilikataa, akasisitiza. Alipiga magoti kwenye nyasi, akafungua bendeji, akaanza kunichua. Alikuwa na mikono yenye nguvu, ya mtu aliyezoea kuvuta kamba za nyavu. Alichua kwa uangalifu, akiniuliza kama ni hapa au pale, nami nikijibu hapa, hapo, asante.

"Kwetu nilikuwa nawaambia kila siku, naenda Migori kukimbia na Nyar Uriri," alisema bila kuinua kichwa. "Hata ungenishinda singejali sana. Nilitaka tu nione nikiwa na wewe nitafika wapi."

Niligeuza uso pembeni, nikamwona Mzee Odongo hatua chache kutoka tulipokuwa, na mkebe wake, akitengeneza mistari iliyokuwa imefutika. Alikuwa ameacha kutengeneza. Alikuwa anautazama mguu wangu.

Benta alimaliza, akafunga bendeji upya kwa ustadi zaidi kuliko Mwalimu Adera, akaniachia ile chupa. Alipokwisha kwenda, mzee akaweka mkebe chini, akaja akakaa kwenye nyasi kando yangu. Alichukua muda kukaa, maana mgongo ulikuwa unamsumbua.

"Nyathina," aliniita, mtoto wangu, "mguu gani inauma?"

"Huu, baba."

"Asubuhi ilikuwa ile ingine."

Nilitazama chini. Bendeji ilikuwa kwenye mguu wa kulia. Leo nikisimulia hapa nyumbani wajukuu hucheka hadi wanaegemea ukuta, na mimi hucheka nao. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Huyu msichana wa watu alikuwa amepiga magoti na kuchua mguu ambao hata katika uongo wangu haukuwa mgonjwa.

Mzee hakucheka, na wala hakunigombeza kwa sauti. Aling'oa jani la nyasi, akalizungusha kidoleni.

"Mimi nimechora njia nane," alisema. "Siku tatu nimeinama hapa, na mgongo yangu inauma kweli, si kama yako. Ningejua unataka kukimbia na jina lako peke yake, ningechora moja, nirudi nyumbani mapema."

"Niliogopa kushindwa, baba."

"Hiyo naelewa. Hata mimi kuna vitu naogopa. Lakini huyu msichana amekosa kitu leo, na si miguu yake imemkosesha. Amekosa mtu wa kumvuta. Sasa, mimi sitaambia mtu. Wewe mwenyewe uende umwambie."

Aliinuka kwa shida, akachukua mkebe wake, akarudi kazini. Ndiyo karipio lote nililopata. Nimekaripiwa na makocha, na maofisa, na hata na mume wangu mara moja moja, lakini hakuna maneno yaliyowahi kuniingia kama yale.

Jioni, kabla ya chakula, nilienda kwenye madarasa walimolala wasichana wa Mbita. Nilitembea vizuri, bila kuchechemea, bendeji nimeishika mkononi. Benta alikuwa anakunja nguo zake juu ya dawati. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilihofia nikikaa nitapunguza maneno. Alinisikiliza akiendelea kukunja. Alikunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hivyo ule mguu nilichua," alisema mwishowe, "haukuwa na kitu?"

"Haukuwa na kitu. Na hata si ule niliodanganya nao asubuhi."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na ningempa shavu lote. Akaanza kucheka, kicheko cha puani kwanza, kisha akakaa kwenye dawati akashika tumbo. Lakini alipomaliza uso wake ukawa mzito.

"Umeniharibia, Nyar Uriri. Mimi mwaka huu namaliza shule. Sitapata fainali ingine kama ile."

"Najua."

"Lori yetu inaondoka asubuhi saa mbili. Saa kumi na mbili uwe uwanjani. Na uvae vile viatu vyako vya misumari, usinionee huruma."

Nilimwambia Mwalimu Adera ukweli usiku huohuo. Alitikisa kichwa, kisha akaniambia tu, "Basi mimi nitashika saa." Na kulipopambazuka, tulipofika uwanjani, tulimkuta Mzee Odongo ameshafika na mkebe wake. Alikuwa amezipaka chokaa mpya njia mbili, ya nne na ya tano. Sijui nani alimwambia. Sikuuliza.

Nyasi zilikuwa na umande. Hakukuwa na hema, hakukuwa na kipaza sauti, na watazamaji walikuwa ng'ombe wawili na mwanamke mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa mjini, akasimama kutazama na mtungi wake kichwani. Mzee alishika leso nyekundu. Alipoishusha, tukatoka.

Mwanangu, sijui kama nitaweza kukueleza. Nilitoka vizuri, nikawa mbele mpaka katikati ya kona. Kisha nikamsikia. Miguu mitupu kwenye nyasi mbichi haina sauti kubwa, lakini nilimsikia anapumua, na kila alipopumua mimi niliongeza, na kila nilipoongeza naye aliongeza. Tulitoka kwenye kona tukiwa bega kwa bega. Yale niliyoyaogopa mwaka mzima yalikuwa yananitokea, na badala ya hofu nilijikuta nataka kucheka. Sikuwahi kujua kwamba miguu yangu ina mwendo ule. Ilikuwa nao siku zote, ila hakukuwa na mtu wa kuuita utoke. Hatua kumi za mwisho alinipita kwa upana wa kifua, si zaidi, na sote wawili tukaanguka kwenye nyasi tukabingirika na kulowa.

Mwalimu Adera alikuja polepole. Alikuwa na saa mbili, moja kila mkono. Alituonyesha ya Benta, kisha akatuonyesha yangu. Sote tulikuwa chini ya rekodi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeivunja rekodi yangu, na bado nilikuwa wa pili.

"Haiwezi kuandikwa," alisema mwalimu. "Hakuna waamuzi. Lakini nimeiona."

Hapo ndipo nililia, nikamwomba Benta msamaha tena, kwa sababu sasa nilielewa nilichomnyima. Yeye alikuwa amelala chali, anatazama juu, na tabasamu limemjaa usoni.

"Wacha kulia," aliniambia. "Sasa najua nafika wapi."

Tulikuwa marafiki tangu siku hiyo. Kwenye mashindano ya mkoa kule Kisumu tulipokezana kijiti, yeye akikimbia kona, mimi nikimaliza. Tulipomaliza shule nilikuwa nikienda Rusinga kila nipatapo nafasi, tukikimbia pamoja kwenye mchanga wake, na ni mchanga ule na pumzi zile nyuma ya sikio langu zilizonifanya bingwa wa taifa. Benta hakuendelea sana. Alisomea uuguzi, akapenda kazi yake, akazalisha nusu ya watoto wa kisiwa. Lakini nilipokuwa na mbio kubwa, yeye ndiye niliyemtafuta wiki mbili kabla, na hakuwahi kukataa.

Ile rekodi ya shule ilibaki. Wilaya zikagawanywa, zikaja kaunti, na walimu wa michezo bado waliiandika kwenye ratiba zao, jina langu kando yake, zaidi ya miaka thelathini. Mara mbili nilienda kuwaambia kuwa yupo aliyeipita. Walidhani ni unyenyekevu wa bingwa, wakaniongezea sifa. Kwa hiyo nilipokuwa nasifiwa, nilijifunza kunyamaza, na nikirudi nyumbani nilimpigia Benta simu nikamwambia, "Leo wamenisifu kwa mbio zako tena." Yeye hucheka.

Muhula uliopita tulialikwa Homa Bay, mimi na yeye, mashindano ya shule za kaunti zote mbili. Tulikaa mbele, vikongwe viwili na miavuli. Ilipofika fainali ya mia mbili, msichana wa Suna aitwaye Boke, mwembamba kama ufito, alitoka kwenye kona akiwa bega kwa bega na msichana mwingine wa upande wa Mbita. Nilijua kabla hawajamaliza. Nilimshika Benta mkono, naye akanishika, na bila kujua tulikuwa tumesimama. Boke alifika mbele kwa unywele tu. Wakatangaza rekodi imevunjwa, na kwamba hata huyo wa pili amekimbia chini ya ile ya zamani.

Nilicheza, mwanangu. Nilitupa mwavuli nikacheza mbele ya waheshimiwa, na Benta akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Ndipo nikaomba maikrofoni. Niliwaambia watu kwamba rekodi waliyonisifia miaka yote ilikuwa halali kitabuni, lakini ilidumu kwa sababu nilifunga bendeji kwenye mguu mzima, na kwamba aliyekuwa na mbio kunishinda ni huyu mama hapa, muuguzi wa Rusinga. Benta alijifunika uso kwa leso. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, na wale wasichana wawili wakaja wakamkumbatia, mmoja kila upande, jasho na yote.

Baadaye Boke alinifuata. Alikuwa na wasiwasi kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Mama, hujaumia?" aliniuliza. "Ilikuwa yako miaka mingi."

Nilimwambia ninachokuambia wewe sasa. Aliyeniumiza ni mimi mwenyewe, zamani sana, nilipodhani jina ni kitu cha kufungiwa ndani ili mtu asikiguse. Kisha nikamwambia amtafute yule msichana wa Mbita kabla magari hayajaondoka, wapeane namba za simu, na likizo wakimbie pamoja.

Basi nasaha yangu ni hiyo, na ni ya kila mtu, hata asiyewahi kuvua viatu akakimbia. Iwe ni darasani, shambani, dukani au kanisani kwenye kwaya, atatokea mtu anayeweza kukupita. Usimkwepe. Usijitie ugonjwa, usiseme vibaya juu yake, usitafute sababu ya kukosa siku ile. Simama kando yake, ukimbie kwa uwezo wako wote. Akikushinda, utajua umefika wapi, na kwa kawaida ni mbali kuliko ulivyodhani. Na ukiwa umeshamkosea mtu kama nilivyokosea mimi, nenda kwake siku hiyohiyo, kwa miguu yako, umwambie lote bila kupunguza. Huenda akakasirika. Huenda akacheka. Huenda ukapata rafiki wa maisha, kama mimi nilivyopata bila kustahili.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akupe afya na pumzi ndefu. Akupe mwenzako mwenye mbio, mtakayeamshana naye alfajiri bila kinyongo. Na siku mtu atakapokupita, akujalie uwe hai, uwe pale pale uwanjani, na magoti yako yawe bado na nguvu za kucheza.